Jabe: Si wingi wa mbu, ni umri wao

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

Jua likizama nyuma ya milima ya Uvira, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mtaa wa Jabe hubakiwa na kama nusu saa ya nuru. Wachuuzi wa sokoni hufunga marobota, mbabula hupepewa vibarazani, watoto huitwa ndani. Ndipo mtaro nao unapotoa wakazi wake.

Jioni moja nilikuwa nimechuchumaa kando ya mtaro huo, mkononi kikombe cheupe cha plastiki. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga ndagala hatua chache kutoka hapo alinitazama kwa muda, kisha uvumilivu ukamwishia.

"Unatafuta nini humo, mwanangu?"

"Natafuta mbu, Mama."

"Mbu?" Alicheka mpaka akashika kiuno. "Keti tu hapa kwenye kigoda. Watakutafuta wenyewe."

Nilichota, nikaacha maji yatulie. Yalikuwa meusi, yenye povu la sabuni, na ndani yake viluwiluwi kwa makumi vilining'inia vichwa chini, mikia juu, kama popo darini. Nikamwaga. Nikavuka barabara hadi kwenye shimo ambalo mafundi walichimba udongo wa ujenzi. Lilikuwa limejaa maji ya mvua, safi, yanayopigwa na jua mchana kutwa. Hapo nilichota mara nne ndipo nikapata viwili tu. Hivi havikuning'inia. Vililala juu ya uso wa maji, vimenyooka kama vijiti.

Wale makumi ni watoto wa mbu aina ya Culex, wapenda maji machafu, mitaro na vyoo. Hawa wawili ni watoto wa Anopheles, mbu wa malaria. Makala hii ni ya hawa wawili, na ya hesabu inayoweza kutuonyesha namna ya kuwapunguza bila kupiga vita kila chenye mabawa.

Kelele si ugonjwa

Nilimweleza Mama niliyoyaona. Hakushangaa, ila alikuwa na lake la kusema. Chandarua alichopewa kwenye kampeni ya kugawa vyandarua hakifai, alisema: usiku kucha anawasikia mbu wakiimba, na mtoto homa haimwachi.

Hukumu hiyo utaisikia katika mitaa jirani, Buyenzi na Bwiza, na ina mantiki yake. Mtu hupima chandarua kwa masikio. Lakini waimbaji wa mitaa yenye mitaro na vyoo vya shimo kwa kawaida ni Culex, na Culex haambukizi malaria. Anopheles huja wachache, huja watu wakiwa usingizini, na hawafanyi shangwe. Chandarua chaweza kuwa kinafanya kazi yake barabara huku kelele zikiendelea. Na kinyume chake: kelele zaweza kukoma, malaria ikabaki palepale.

Duniani kuna aina zipatazo 3,500 za mbu. Anopheles peke yao ni zaidi ya 400, na kati ya hao ni kama 70 tu wanaoweza kumwambukiza binadamu malaria. Kwa Burundi majina makubwa ni matatu: *Anopheles gambiae*, *Anopheles arabiensis* na *Anopheles funestus*. Tunazungumza, basi, habari za genge dogo ndani ya taifa kubwa.

> *Mtu hupima chandarua kwa masikio, na mbu wa malaria hafanyi shangwe.*

Daktari aliyegeuka mhesabu

Aliyefungua mlango wa hesabu hizi ni Ronald Ross, daktari Mwingereza mzaliwa wa India, yule aliyeviona vimelea vya malaria tumboni mwa mbu mwaka 1897 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Kila kitabu cha shule kinamtaja kwa hilo. Kisichotajwa sana ni kwamba yeye mwenyewe aliithamini mno kazi yake ya namba.

Wakosoaji walimwambia: utaua mbu wa mtaa mmoja, wa mtaa wa pili watahamia, kazi bure. Ross akajibu kwa kalamu. Mwaka 1904, mjini St. Louis, Marekani, alitoa mhadhara kuhusu umbali ambao mbu anaweza kufika akiruka ovyo bila mwelekeo. Mwaka uliofuata mtaalamu wa takwimu Karl Pearson, ambaye Ross alikuwa amemwendea na tatizo hilo, aliwauliza wasomaji wa jarida la *Nature* swali lilelile kuhusu mtu anayetembea bila dira. Hesabu hiyo leo hutumiwa hata na wachunguzi wa masoko ya hisa. Sijui wangapi kati yao wanafahamu kwamba mwanzoni kulikuwa na mbu.

Mwaka 1908 Ross aliandika ripoti kuhusu malaria ya Mauritius, na mwaka 1911 akachapisha hesabu kamili. Dai lake lilikuwa jipya kabisa: si lazima kuua mbu wote. Kuna kiwango, mbu wakishushwa chini yake, malaria hufifia yenyewe kwa sababu kila mgonjwa haachi nyuma yake mgonjwa mwingine.

Hicho ndicho wataalamu wanachokiita modeli. Jina linatisha kuliko kitu chenyewe. Mwenye duka wa Jabe ana modeli yake: mali iliyoingia, iliyotoka, iliyooza, na kwa hiyo lini aagize tena. Modeli ya wadudu ni daftari hilohilo: wangapi wanazaliwa, wangapi wanakufa, wangapi wanahama, na mvua na joto vinabadilisha nini. Faida yake ni kwamba unaweza kujaribu jambo kwenye karatasi kabla ya kulipia dawa.

Kuuhamishia Jabe mlimani

Miaka ya 1950 Mwingereza mwingine, George Macdonald, aliirudia kazi ya Ross na kuuliza: kati ya namba zote hizi, ipi ina nguvu kuliko zote? Wengi wangejibu wingi wa mbu. Jibu lake lilikuwa umri wao.

Tuifanye hesabu hiyo hapahapa, kwa penseli.

Mbu hazaliwi na malaria. Humnyonya kwanza mtu mwenye vimelea, na vimelea hivyo hukua ndani ya mwili wake kabla ya kufika kwenye mate. Muda wa kukua hutegemea joto. Kanuni ya zamani, ambayo bado inatumika, ni hii: toa 16 kwenye nyuzi za joto, kisha gawanya 111 kwa kilichobaki. Kwa Bujumbura tuchukue nyuzi 24. Hapo 111 kwa 8 ni kama siku 14. Huko juu milimani, kwenye nyuzi 20, 111 kwa 4 ni karibu siku 28.

Maisha ya mbu nayo ni mafupi. Tuseme kila siku, katika kila mbu 10, hufa 1. Chukua mbu 1,000 walionyonya damu yenye vimelea usiku mmoja. Kwa joto la Bujumbura watakaofikisha siku ya 14 wakiwa hai ni kama 229. Hao ndio wa kuogopwa. Wale 771 wamekufa kabla ya kumdhuru mtu. Milimani, ambako wanapaswa kufika siku ya 28, watabaki 52.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Badala ya 1, wafe 2 kati ya kila 10. Mji uleule, joto lilelile. Watakaofika siku ya 14 ni 44.

Zitazame tena namba mbili za mwisho. Arobaini na nne ni pungufu ya hamsini na mbili. Kifo kimoja cha ziada kwa siku katika kila mbu 10 kimeuhamishia Jabe milimani, bila mtu kupakia hata godoro kwenye lori.

Linganisha na mkakati wa mtaroni. Ukifaulu kupunguza viluwiluwi vya Anopheles kwa nusu, na kwa mtaa mkubwa wenye mashimo yasiyojulikana hiyo ni kazi nzito, mbu 1,000 watakuwa 500, na wazee wa siku 14 watakuwa kama 114. Ni faida, ila haifiki ile ya kwanza. Ndiyo maana vyandarua hutiwa dawa. Chandarua kitupu humkinga aliyelala ndani. Chenye dawa humuua mbu anayetua juu yake, na kwa kuwa mbu hurudi kunyonya kila baada ya siku mbili au tatu, kila safari yake ni bahati nasibu. Wachache hufika uzeeni. Jirani asiye na chandarua naye hufaidika.

> *Mbu 1,000 wakinyonya damu yenye vimelea: 229 hufikia umri wa kuambukiza. Ongeza kifo kimoja kwa siku katika kila 10: hubaki 44.*

Hapohapo pana hatari. Mbu wa Afrika Mashariki wamezoea dawa za kundi la pairethroidi, zile zilizotumika kwenye vyandarua kwa miaka mingi, na ndiyo sababu vyandarua vipya huchanganywa na kemikali ya pili. Dawa ikipoteza makali, vifo 2 kati ya 10 hurudi kuwa 1, na mji unateremka tena kutoka mlimani. Kwa macho huwezi kuona. Chandarua ni kilekile, cheupe au cha buluu, kimefungwa palepale.

Mabonde ya Karuzi

Burundi si mgeni wa hesabu hizi. Mwishoni mwa 2000 na mwanzoni mwa 2001 malaria ilivamia nyanda za juu, mahali ambapo wazee walizoea kuihesabu kama maradhi ya watu wa Imbo, huku chini ziwani. Mikoa ya Kayanza, Ngozi na Karuzi iliumia sana.

Katika mkoa wa Karuzi wa wakati ule, kuanzia 2002, Madaktari Wasio na Mipaka, Wizara ya Afya na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp walijaribu jambo ambalo mwanzoni lilionekana kama ubahili. Hawakupulizia dawa mkoa mzima. Walichagua nyumba za mabondeni.

Sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kushuka kilima cha Burundi. Huko juu maji hayatuami. Huteremka hadi kwenye bonde, kwenye mashamba ya kinamasi, na huko mbu huzaliana. Ili wapande kilimani kunyonya lazima wapite nyumba za chini kwanza. Ukiziwekea dawa nyumba hizo, umeweka kizuizi barabarani.

Watafiti Natacha Protopopoff, Marc Coosemans na wenzao walirudi kuhesabu mara kwa mara hadi 2007. Katika mabonde yaliyopuliziwa, Anopheles ndani ya nyumba walipungua kwa takriban 4 kati ya kila 5. Mwaka 2009 walichapisha kazi nyingine iliyoziweka sababu za malaria katika modeli mfano wa mti, kila tawi likiwa swali: je, nyumba ilipuliziwa? Mvua ilinyesha kiasi gani? Joto la usiku lilishuka hadi wapi? Mti huo humwambia mkuu wa afya aanzie tawi gani fedha zikiwa chache, na fedha huwa chache siku zote.

Coosemans huyohuyo alikuwa amefanya kazi miaka ya 1980 huku chini kwetu, katika uwanda wa Rusizi. Alilinganisha vijiji vya mpunga na vijiji vya pamba. Uwanda ni mmoja, joto ni moja. Vijiji vya mpunga vilikuwa na malaria nyingi zaidi kwa mbali. Pamba haihitaji maji yatuame. Mpunga hauoti bila hayo.

Hapo mvutano wa kwanza unajitokeza, na hauna mhalifu. Mkulima wa Imbo analisha soko la Jabe. Huwezi kumwambia akaushe shamba kwa ajili ya homa ya watu wa mjini. Unaweza kumwambia alikaushe kwa zamu, siku chache kila baada ya muda, ili viluwiluwi vife kabla ya kuota mabawa. Lakini maji ya mfereji ni ya wengi, na zamu ya mmoja ni kiu ya mwingine.

Kizingiti na siasa yake

Tarehe 13 Machi 2017 Waziri wa Afya wa wakati huo, Josiane Nijimbere, alitangaza kwamba malaria imefikia kiwango cha mlipuko. Tangu Januari hadi tarehe 10 Machi walikuwa wamehesabiwa wagonjwa milioni 1.8 na vifo vipatavyo 700. Mwaka 2016 mzima ulikuwa na visa milioni 8.2, katika nchi ya watu wasiozidi milioni 12.

Mwaka 2019 namba zilipanda tena. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoratibu misaada ya kibinadamu, OCHA, ilitaja visa zaidi ya milioni 5.7 na vifo zaidi ya 1,800 hadi mwezi Julai. Safari hii serikali haikutangaza mlipuko.

Mlipuko ni nini basi? Ni mstari uliochorwa kwenye karatasi: wastani wa wiki kama hii katika miaka iliyopita, ukaongezewa kiasi fulani. Juu ya mstari ni mlipuko, chini yake ni hali ya kawaida. Hiyo nayo ni modeli, ndogo na rahisi. Ina kasoro moja inayonikera: ikiwa miaka iliyopita yote ilikuwa mibaya, mstari hupanda, na ubaya unageuka kuwa kawaida. Namba hazidanganyi, lakini aliyechora mstari ana neno, na anayeamua kuusoma hadharani ana neno kubwa zaidi.

Wapo wahudumu wa afya wanaoziona modeli kama anasa ya wazungu na kompyuta zao: mgonjwa yuko mlangoni, mpe dawa. Siwalaumu. Ila modeli inayosoma mvua na joto ina uwezo wa kusema wiki kadhaa kabla ya foleni kufika mlangoni. Dawa huagizwa kwa miezi, mgonjwa hufika kwa dakika.

Wanaotaka kuwamaliza

Kambi nyingine haina subira na nusu-nusu. Kwa nini tupunguze? Tumalize.

Wanao mfano wa jirani. Kisiwani Unguja, mbung'o aina ya *Glossina austeni*, aliyekuwa akiwaua ng'ombe kwa ugonjwa wa nagana, alitokomezwa katikati ya miaka ya 1990. Madume yalifugwa Tanga, yakatiwa utasa kwa mionzi, yakamwagwa kutoka kwenye ndege juu ya kisiwa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa safi.

Lakini mbung'o ana udhaifu ambao modeli iliuona mapema. Jike huzaa mtoto mmoja mmoja, kama binadamu. Mtaalamu John Hargrove alipiga hesabu kwamba ukiwaongezea majike vifo vya 4 kati ya 100 kwa siku, ukoo wote hukatika. Mbu hutaga mayai kwa mamia. Na Unguja imezungukwa na bahari. Jabe imezungukwa na Bwiza na Buyenzi.

Kwa hiyo wanaotaka kuwamaliza Anopheles wanatazama jeni. Mwaka 2018 maabara ya Imperial College London ilionyesha kwamba jeni iliyotengenezwa ili ijieneze yenyewe iliwamaliza mbu wa kizimbani katika vizazi 7 hadi 11. Mradi wa Target Malaria umekuwa ukiwachunguza mbu katika nchi kadhaa za Afrika, Uganda ikiwamo. Mwezi Agosti 2025 serikali ya Burkina Faso iliusimamisha nchini mwake. Wanaounga mkono husema kila mwaka wa kusubiri una makaburi yake. Wanaopinga huuliza nani atamrudisha mdudu huyo kwenye chupa akishatoka, na nani aliulizwa kabla.

Binafsi siioni teknolojia hiyo ikifika Jabe kesho. Ila naona kosa jingine, la zamani, linalofika kila mwaka: kumwaga sumu kila penye maji.

Kereng'ende hufa kwanza

Mwaka 1926 mwanahisabati wa Italia, Vito Volterra, aliulizwa swali na mkwewe, mtaalamu wa samaki. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza uvuvi katika Bahari ya Adria ulipungua; kwa nini basi samaki wala-nyama ndio waliozidi, na si wale wanaoliwa? Volterra aliandika milinganyo miwili, mmoja wa mwindaji na mmoja wa mawindo, na jibu likatoka: ukiwaua wote wawili kwa kiwango kimoja, anayefaidika ni anayewindwa. Ukiacha kuua, mwindaji hupata nguvu.

Wakulima wa machungwa wa California walilipia somo hilo miaka ya 1940. Kwa zaidi ya nusu karne mdudu mharibifu wa miti yao alidhibitiwa na mbawakawa mdogo mwenye madoa aliyeletwa kutoka Australia. Ilipokuja DDT, mbawakawa huyo alikufa, na adui wa zamani akafurika. Afrika tuna kisa cha upande wa pili: muhogo wetu uliokolewa miaka ya 1980 na nyigu mdogo aliyeletwa kutoka Paraguay kumla kidung'ata mweupe wa muhogo, kazi iliyompatia Hans Herren Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Dawa ingemuua nyigu huyo kwanza.

Katika shimo lile la udongo nililochota, viluwiluwi vya Anopheles havikuwa peke yao. Kulikuwa na mtoto wa kereng'ende, mnene, wa rangi ya tope, na chakula chake ni viluwiluwi. Mbu jike akitaga leo, baada ya siku 10 hadi 14 wanawe wanaruka. Kereng'ende huhitaji miezi. Mwaga sumu humo: wote wanakufa, mbu anarudi kabla ya mwezi kuisha, mlaji wake harudi. Umemfanyia mbu usafi wa nyumba.

> *Ukiwaua mwindaji na mawindo kwa pamoja, anayerudi kwanza ni mawindo.*

Ndiyo maana dawa ya viluwiluwi iliyotumika Dar es Salaam, katika mpango wa mji ulioanza 2004, ilikuwa ya bakteria wanaoua viluwiluwi vya mbu na kuwaacha kereng'ende na samaki. Dawa za namna hiyo sasa hutengenezwa Kibaha. Uzito wa mpango ule, hata hivyo, haukuwa kwenye dawa. Ulikuwa kwa wakazi wa mitaa walioajiriwa kuzunguka kila wiki, kiwanja kwa kiwanja, wakiandika maji yametuama wapi na ndani yake mna nini. Bila daftari hilo modeli yoyote ni kengele bila ulimi.

Makunduchi walivyofanya

Nirudi kwa Mama na kelele zake, maana haki yake haijatimia. Culex haleti malaria, lakini pwani ya Afrika Mashariki ameleta matende na mabusha kwa karne nyingi, na kukosa usingizi nako ni maradhi.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Makunduchi, kusini mwa Unguja, vyoo vya shimo vyenye maji vilimwagiwa chembe za polistaireni, zile nyeupe nyepesi zinazofungiwa redio mpya kwenye katoni. Zilielea, zikatanda tabaka juu ya maji. Viluwiluwi vya Culex, ambavyo hupumua kwa mrija wa mkiani, vilikosa pa kutolea mrija. Wakazi walipewa pia dawa ya minyoo ya matende.

Kabla ya hapo mtu mmoja aliumwa na mbu kama mara 25,000 kwa mwaka. Baadaye ilishuka hadi mara 440 hivi. Wenye vijidudu vya matende kwenye damu walikuwa karibu nusu ya watu. Baada ya miaka 5 walikuwa kama 3 kati ya 100. Chembe zile hazioshwi na mvua wala haziozi, na hazikumgusa mdudu yeyote aliye nje ya choo. Hakuna kifo cha nyuki, hakuna cha kipepeo. Ningependa kuona mtaa mmoja wa Bujumbura ukijaribu.

Mgeni yuko njiani

Haraka inatoka upande mwingine. *Anopheles stephensi*, mbu wa malaria wa miji ya Asia, alionekana Djibouti mwaka 2012, Ethiopia mwaka 2016, na Kenya, upande wa Marsabit, mwaka 2022. Huyu hangoji shimo la udongo. Huzaliana kwenye mapipa na matangi ya maji safi, yaani ndani ya ua. Modeli iliyochapishwa mwaka 2020 na Marianne Sinka na wenzake ilitazama joto, mvua na msongamano wa watu, ikakadiria kwamba watu milioni 126 wa miji ya Afrika wanaishi mahali panapomfaa.

Maji yakikatika Jabe, kila ua hupanga mapipa na bido. Ziwa nalo limekuwa likipanda. Huko Gatumba, nje kidogo ya Bujumbura, watu wamehama zaidi ya mara moja kwa mafuriko ya mto Rusizi. Mahali pa kuzaliana pameongezeka kabla mgeni hajabisha hodi.

Kumjua atakapofika kunataka mtu anayechota. Vijana wawili kwa kila mtaa, kikombe cheupe, daftari, na mtu wa Programu ya Taifa ya Malaria wa kuwasomea walichopata kila wiki, kikaunganishwa na mvua zinazopimwa na IGEBU, taasisi ya jiografia ya Burundi, na homa zinazoandikwa zahanati. Gharama yake haifikii shehena moja ya dawa. Siku ya kuanzia ipo tayari: Jumamosi asubuhi, mji mzima uko kwenye kazi za pamoja, na Anopheles kwa kawaida huhitaji zaidi ya siku 7 toka yai hadi mabawa. Maji yanayomwagwa kila Jumamosi hayamtoi mbu hata mmoja.

Nilirudi Jabe Jumamosi iliyofuata, kazi zilipokwisha. Mtaro ulikuwa umezibuliwa, tope limerundikwa kando, barabara imefagiwa. Shimo la udongo halikuguswa. Lina upana wa hatua tatu na kina cha goti. Toroli kadhaa za kifusi zingelijaza.